Daktari Aliuliza Habari za Kasuku

Daktari alivuka kwa mashua ya posta,
buti zimejaa maji, mkoba kauinua juu ya kichwa,
na neno lake la kwanza, kabla hata ya salamu:
"Humu nyumbani mnafuga kasuku?"

Tukatazamana. Kasuku?
Kisiwa hiki hakina hata mti.
Kasuku tuliyemjua alichorwa kwenye kopo la kahawa,
kijani na mwekundu, mdomo kama kulabu,
na kopo lenyewe tulitilia misumari.
Mama alicheka. Ndicho kicheko cha mwisho
ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Chumba cha pili Sunnvá alikuwa akihema
kama mtu apandaye mlima na mawe mgongoni,
mimba ya miezi saba, midomo imegeuka samawati.

Kazi yetu ilikuwa hivi.
Mwishoni mwa Agosti makinda ya naati hushuka baharini,
yamenona mno, hayawezi kuruka.
Wanaume huenda na nyavu za mpini mrefu,
hurudi mashua imelala majini kwa uzito.
Wao wanashika, sisi tunanyonyoa.
Ndege mia mbili, mia tatu, ndani ya banda,
mlango tumeufunga, upepo usije ukachukua manyoya.
Mafuta wanayotema hunuka nyweleni wiki nzima.
Vumbi lilielea kwenye mwanga wa taa,
jepesi, likimeta kidogo.
Tulilivuta. Tuliimba, hata.
Sunnvá aliimba kutushinda wote,
huku akitenga manyoya laini ya kifuani
kwa ajili ya mto wa mwanawe.

Siku ya kumi nikashikwa na kichwa, kisha kikohozi.
Nililala wiki mbili, nikainuka, nikakamua ng'ombe.
Yeye hakuinuka.
Wala Billa wa ng'ambo, naye mjamzito.
Wala Marjun wa kwa fundi viatu, mjamzito.
Ugonjwa ulipita mlango hadi mlango
kama karani mwenye orodha.

"Ni kidudu cha kasuku," daktari alisema,
"na ndege wenu wanacho.
Mwenye mimba humkamata vibaya zaidi.
Kwa nini, sijui."
Nilimheshimu kwa hilo neno la mwisho.

Dánjal, kaka yangu, mumewe,
aliambiwa bandarini kwamba meli moja ya kutoka Ajentina
ilipakia vizimba vya kasuku,
wakafa njiani, mabaharia wakawatupa,
na naati, afuataye meli
kama ombaomba afuatavyo arusi,
akala.
Nani aliona? Hakuna aliyeona.
Lakini Dánjal aliishika hadithi ile kwa mikono miwili,
maana bila hiyo, ni yeye
aliyewaleta wale ndege, akawamwaga
miguuni pa mkewe, akajisifu kwa wingi wao.

Mto daktari aliamuru uchomwe.
Manyoya hayawaki, yanajikunja, yananuka, yanazima.
Niliuchoma asubuhi nzima kwa fimbo na mafuta ya taa,
kitambaa cha maua ya njano
alichokishona Sunnvá mwenyewe, mshono mdogo mdogo.

Mwaka uliofuata ikaja amri: makinda yasiguswe.
Dánjal alipiga makasia katikati yao.
Walielea wamenona, jicho jeusi, hawana habari.
Hakuinua wavu. Wala hakuwalaani, nilidhani angewalaani.

Miaka arobaini ikapita. Siku moja Tórshavn,
niliingia dukani kununua sukari.
Juu ya kaunta kulikuwa na kizimba,
na ndani yake yule yule wa kwenye kopo,
kijani, mwekundu, mdomo wa kulabu.
Aliinamisha kichwa, akaniambia kwa Kidenmaki kizuri:
"Habari za mchana."

Mimi mwanamke wa miaka sitini na mbili, tasa tangu ujana,
niliweka mkono tumboni.
Nikabana pumzi. Nikahesabu hadi kumi na saba,
nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni,
na sukari sikununua.