Sumaku ya Spika Mbovu

Kwanza niliipima ya baba.
Imetundikwa ukutani, Makorora,
breki za vyuma, kengele bado inaitika ukiigusa.
Nikaweka rula baina ya masikio yake ya nyuma:
sentimita kumi na moja.
Mota yangu inataka kumi na tatu na nusu.
Fundi Semkiwa akasema, tuipanue kwa jeki,
chuma cha zamani hiki, kinasikia.
Kinasikia, ndiyo.
Nami nilikisikia.
Nikamwambia, iache.

Ndipo nikaja Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kontena limemwagwa juzi,
fremu zimelaliana kama mbavu buchani.
Kwenye mkoba wa kazini, chini ya gauni la zamu,
nina futi ya fundi cherehani, uzi, tochi,
na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio.

Hoza ananiinulia nyekundu,
shokomzoba mbele, nyingine katikati,
anaikalia, inanesa.
"Dada nesi, godoro hili. Kizuri chajiuza."
Kijiuze, lakini betri nitailaza wapi?
Tumbo lote limejaa springi.
Yangu ina kilo nne, urefu wa boflo mbili,
inataka pembetatu tupu,
chumba kisicho na mpangaji.

Basi hii ya kijani.
Nyepesi, unaibeba kwa kidole.
Sumaku ikateleza, ikaangukia kiatuni: alminiamu.
Sina ugomvi na alminiamu,
ila nikamulika chini, pale pedeli zinapozaliwa,
nikaona mstari
mwembamba kama unywele kwenye sabuni.
Hoza akalamba kidole, akausugua.
"Uchafu."
Uchafu ukatoka.
Mstari ukabaki.

Nimefunga mifupa ya watu miaka kumi na tisa,
naujua mstari wa namna hiyo:
unanyamaza, unanyamaza,
halafu siku moja, mwinuko wa Pongwe,
kukiwa na mvua na lori nyuma yako, unasema yote.

Ya tatu niliivuta mwenyewe kutoka chini.
Zambarau, au ilikuwa.
Sumaku ikaing'ang'ania kama mtoto siku ya sindano.
Uzi kutoka shingoni hadi sikio la kulia,
kisha hadi la kushoto: sawasawa, ukucha haupenyi.
Masikio manene, maana mota ikiamka
hutaka kwanza kujing'oa.
Vishikizo vya breki ya diski vipo.
Kumi na tatu na nusu, futi haikubishana.

Nikaipindua.
Bomba la siti likatapika kutu, kijiko kimoja,
na mbawakawa mkavu.
Kijiko kimoja nasamehe.
Viwili ningeaga.

Chini ya siti pana stika ya njano,
maandishi ya Kijapani, namba saba.
Kuna mtu aliiandikisha isiibiwe,
akaifungia mnyororo kila jioni kwenye nguzo ya mtaa wake.
Hoza alitaka kuibandua kwa kisu.
Nikamshika mkono.

"Elfu sitini."
Arobaini.
"Dada, na goti lako hilo, utafika lini kazini?"
Goti halimo kwenye bei.
Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.
Arobaini na tano, na uma akaniongezea,
uma umepinda kidogo, tuliuona wote wawili,
hatukuutaja.

Nikaivaa begani.
Barabara ya kumi na mbili mtoto akaniuliza,
"Miguu yake iko wapi?"
Mmoja uko nyumbani, nikamwambia,
mzito, una waya tatu,
haujajua bado kwamba ni mguu.

Usiku niliiegemeza ukutani, chini ya ile ya baba.
Moja imemaliza.
Moja haina hata mnyororo.
Saa nane nikasikia kengele.
Panya, labda.

Kesho: kibao cha chuma cha kubania ekseli.
Milimita sita.
Semkiwa atasema tano inatosha.
Sita.