Mbuzi wa Bi Mize

Usiku wa Ghana, Wete,
tuko barazani sote,
runinga moja ya wote
kwa fundi wa cherehani.

Shaame, toka mabaki
ya kanzu za kina Faki,
kashona nyota ya dhiki,
nyeusi, i mlangoni.

Babake, kwenye redio,
akavihesabu vyao
vikombe vinne, si leo,
kwa chaki, pale mezani.

Dakika ya mwisho ile
Ghana wakasonga mbele,
tukapaza makelele:
mkono huo, langoni!

Refa akatoa tuta.
Bi Mize akanivuta:
"Mwanangu, wakishapata,
mbuzi wangu nadhirini."

Ukapaa, ukagonga
mwamba. Shaame kasonga,
akaizima runinga:
"Matuta hatuyaoni."

Asubuhi mbuzi yule,
mzima, na ndevu zile,
akaila nyota ile
polepole, mlangoni.