Mimi Si Roboti

Walitangaza wiki nzima: doti mia mbili,
toleo moja, halirudiwi,
kanga ile ile ya mwaka wa themanini na mbili,
zambarau, pindo nyeusi, korosho nne pembeni,
na jina lake:
CHUKUA VYOTE HAYA NIACHIE.

Mama alikuwa nayo.
Upande mmoja aliuchana nepi zangu;
niliikojolea kabla sijajua kuisoma.
Wa pili aliuvaa mpaka jina likafutika,
likabaki HAYA peke yake
nyuma yake, akiinama kufagia uani.

Basi Ijumaa, saa tatu kasoro usiku,
nimeketi kizingitini kwa Bi Raya, hapa Wete,
maana kwangu mtandao haushiki
ila usimame juu ya tangi la maji.
Bando la elfu mbili. Chaji asilimia sabini na moja.
Namba ya kadi ya shemeji Nassor
nimejiandika kiganjani kwa piko,
karatasi hupotea.

Saa tatu na nukta moja.
Kiduara kinazunguka,
kinazunguka kama ngamia wa kinu cha simsim,
kafungwa macho, hajui anamkamulia nani.
Ukurasa ukafunguka nusu:
kanga bila rangi, kitufe bila maneno.
Nikabonyeza.
Ukaniambia: thibitisha wewe si roboti.
Chagua picha zote zenye taa za barabarani.

Taa za barabarani!
Mimi ninayeijua njia panda ya Limbani
kwa harufu ya mkate wa mofa!
Nikakodoa. Ile nguzo, nayo ni taa?
Na kile kipande cha chuma pembeni mwa picha ya tatu?
Nikachagua. Nikakosea.
Wakataka pikipiki. Kisha ngazi.
Kisha mabomba ya zimamoto,
ambayo sijapata kuyaona uhai wangu.
Bi Raya akanisogezea chai:
"Mwanangu, mtihani wa nini huo usiku?"

Nilipofaulu kuwa mtu
ilikuwa saa tatu na dakika nne.
Zimekwisha.

"Zilikwisha nukta ya kumi na moja," akasema Haitham
kwenye simu, yeye anasomea mambo hayo Unguja.
"Hukuwa ukigombania na watu, da' Salha. Ni programu.
Moja ina majina mia, anwani mia,
haipigi mwayo, haiendi msalani."
"Na yenyewe haiulizwi kama ni mtu?"
"Huulizwa. Hujibu upesi kuliko wewe."

Nilicheka mpaka Bi Raya akanigusa kipaji
aone kama nina homa.
Usiku ule, nyuma ya risiti ya umeme, nikaandika:

Roboti nakuuliza, kiuno unacho wapi?
Nani wa kumbembeleza, kwa kanga na jina lipi?
Harusini ukicheza, utajitanda na zipi?
Mia mbili umemeza, kuvaa huvai hata.

Risiti nayo sijui iko wapi.

Mwezi wa pili yake nikavuka Unguja kwa ajili ya jino.
Nikapita Mchangani, shavu limevimba,
na dukani, juu ya rafu, ndani ya nailoni,
zambarau.
Zimepangwa kama matofali. Nilihesabu thelathini na nane
nikaacha.
"Adimu hiyo, mama," akasema kijana. "Laki na sitini."
Mtandaoni ilikuwa arobaini.

Akanikunjulia. Nikaipapasa.
Wanga mtupu, inakwaruza, haijapata kuona maji.
Korosho nne. Pindo lile lile.
Mkono ukenda pochini, ukasita juu ya zipu.
Nikamuuliza, unajua imeandikwaje?
Akatazama kama anayeitazama mara ya kwanza.
Nikamsomea, polepole, kwa sababu ya jino:
"Chukua vyote. Haya—"

"Haya!" akadakia,
akidhani tumekubaliana bei,
akaanza kukunja.

Nikamwachia vyote.