Imefika, Mama

Kwa simu nilikwambia: imefika.
Sikuongeza neno, vitengo vilikuwa vinakwisha,
na wewe ulikuwa sokoni Walungu, nikisikia mbuzi.

Imefika kweli. Dereva wa Fuso alinipa mkononi pale Essence,
imekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya sabuni,
pamoja na gunia la unga wa muhogo
lenye jina langu kwa makala: CIBALONZA, CHUO.
Dola mia moja. Nikainusa. Moshi na mawese.
Nikajua ulikoificha tangu mavuno ya maharagi.

Benki wana kioo na taa ya zambarau.
Yule dada aliishika noti yako kwa ncha za kucha,
akaiinua, akauona:
mpasuko pembeni, urefu wa mguu wa sisimizi,
pale ulipokunja mara ya nne.
"Hii haipokelewi."
Nikamwuliza, imekufa?
Akasema, "Anayefuata."

Ngoja nikuambie tunavyoishi.
Homu ya chuo, ile yenye vigae, ni dola hamsini kwa mwezi,
sahani mbili kwa siku, nyama Jumapili.
Niliingia mara moja, kumrudishia Ansima daftari lake.
Mezani waliacha mkate.
Waliacha, Mama. Na siagi juu yake.

Sisi tuko Muhungu, mteremko wa chini,
chumba cha mbao, mlango unafungwa kwa waya,
mimi na Nabintu wa sheria, godoro moja la mtu mmoja:
yeye analala mpaka saa saba za usiku, mimi nasoma,
kisha namgusa bega, tunapokezana joto.
Dola ishirini na tano, na garanti ya miezi mitatu,
na mwenye nyumba anahesabu balbu
ingawa umeme wenyewe huja usiku wa manane
kama mgeni wa harusi, umependeza, haujali tumelala.
Bidoni la maji franka mia tano.
Mvua ikinyesha maji ni bure, tunachoogopa ni ukuta.

Tunakula saa kumi.
Saa hiyo aliichagua Nabintu, kwa hoja, kama wakili:
si mchana, si usiku,
hivyo njaa haitajua imshitaki nani.
Bugali ya unga wako, sambaza za franka elfu moja,
tunazipanga: kumi na nane, tisa kwa tisa,
vichwa vyote ni vya anayesoma usiku.

Nikaipeleka noti Nyawera, kwa wabadilishaji,
wamekaa chini ya miavuli na matofali yao ya franka.
Wa kwanza alicheka.
Wa pili: sabini.
Wa tatu akapapasa mpasuko kwa kidole gumba
kama anayepapasa jino la mtoto linalolegea:
"Themanini na tano. Una macho ya mtu wa mtihani."

Kumi na tano, Mama,
zimepita kwenye tundu la mguu wa sisimizi.
Sambaza za mwezi mzima, na siku kadhaa juu.

Nabintu hakuuliza kitu. Alifungua kitabu chake cha sheria ya familia,
akatoa noti tatu za tano, zimenyooka kama za benki,
akasema, "Nitakushitaki Januari."

Nikapata bodero, nikapata mhuri,
jina langu likabandikwa mlangoni na ya wenzangu waliolipa.
Mugisho hakuwemo. Tulisoma karatasi ile pamoja,
yeye mara mbili, kutoka juu, kisha kutoka chini.
Akanipa kalamu yake. "Hii ina wino."

Swali la kwanza: eleza uchakavu wa mali, toa mfano.
Nikaandika gari la kampuni, miaka mitano,
asilimia ishirini kila mwaka,
kama kitabu kinavyotaka.

Mama, safari ijayo usikunje.
Ilaze ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, inyooke.
Na unga, ukiweza, ongeza kidogo.
Nabintu ni mwembamba, lakini anakula.