Kibao cha Velpa

Kaunti ilinipa kibao, nguzo mbili na mfuko mmoja wa saruji.
"Kakisimike Velpa," akasema msimamizi, macho kwenye kompyuta.
Velpa ni wapi?
Ramani imeitia nukta katikati ya soya ya kina Kuykendall,
hapana nyumba, hapana hata ua,
ila kunguru watatu na bomba la maji lililopinda.

Haina meya. Haina mpaka.
Huwezi kuingia Velpa wala huwezi kutoka;
unapita tu, ukipunguza mwendo kwa ajili ya kona.

Bi Orpha Stegall akaniambia: ni kule bondeni, penye chemchemi,
babu yake aliposhusha mizigo, gurudumu limevunjika
na mke ameshikwa na uchungu.
Delbert akacheka. Chemchemi ipi? Velpa ni hapa, relini,
ilipokuwa stesheni, kabla hawajang'oa reli wakaziuza kwa ratili.
Mchungaji akaapa ni kanisani,
kwa kuwa ndipo pekee watu hukaa zaidi ya dakika kumi.

Mahali hapa palihama mara tatu,
kama mgonjwa anavyogeuka kitandani akitafuta ubavu usiouma:
pakafuata maji,
pakafuata treni,
pakafuata lami.
Lami ikapita moja kwa moja.

Na jina? Hapo hawakubishana.
Posta walitaka jina fupi, nafasi kwenye fomu ilikuwa finyu,
na Ezra Stegall, kalamu mkononi, akatupa jicho nje ya mlango
akamwona nyumbu wake jike, yule wa kukokota gari, akitafuna kamba.
Akaandika.
Nyumbu alikufa kabla jibu la posta halijafika.

Nilichimba penye kona. Jiwe.
Nikasogea hatua tatu. Jiwe.
Hatua tisa kuelekea kwa Delbert, udongo ukakubali,
nami nikakubali pamoja nao.

Jioni Orpha akaja na pikapu yake, akateremsha kioo,
akakitazama kibao kama mtu anayesoma barua ya zamani.
"Umekosea," akasema. "Lakini kimenyooka."

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema.
Stesheni haipo. Ezra hayupo. Nyumbu hayupo,
na lake lipo: herufi tano, nyeupe juu ya kijani,
huwaka taa za gari zikizipiga,
kisha huachiwa soya na giza lake.