Mwanga wa Saa Kumi na Moja

Rweyongeza fundi saa aliniletea kifarasi
kimeviringishwa gazeti, ndani ya mfuko wa sukari:
cha plastiki, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
mshono wa kiwanda ukipita mgongoni hadi mkiani
kama kovu la mtu aliyepasuliwa kwa haraka.
Alikinunua Makoroboi, bei hataji.
"Kipake kiwe hai kidogo," akasema.
Kidogo! Kana kwamba uhai hupimwa kwa kijiko.

Farasi sijawahi kumgusa.
Punda wa Magu nawajua. Ng'ombe wa baba niliwachunga
hadi nikajua mfupa upi hutangulia kuchomoza kiangazi.
Lakini huyu wa shingo ya maringo
nilimwona kwenye kalenda ya benki, mwezi wa Machi,
na Machi ikaisha.

Basi nikatoka nyuma ya nyumba, hapa Igogo mlimani,
nikalitazama jiwe.
Jiwe letu linazidi nyumba tatu;
mama Nyamizi huanika mashuka tumboni mwake.
Saa kumi na moja jua likiinamia ziwa
linaligusa bega, linateleza,
linaliacha kwapa gizani,
na pale ubavuni hakuna mpaka,
huwezi kuweka kidole ukasema: kivuli kinaanzia hapa.
Kumbe ndivyo paja linavyofanyika.

Kivuli kwanza.
Masizi ya koroboi niliyakwangua kwa wembe,
nikayachanganya na hudhurungi kwenye kizibo cha soda,
nyepesi, nyepesi kama uji wa mgonjwa,
ijitafutie yenyewe njia kati ya mbavu,
ijifiche chini ya taya,
ilale bondeni, tumbo linapokutana na mguu.
Nyeusi tupu usiitumie. Nyeusi tupu haifanyi kivuli,
inafanya shimo.
Goti la kushoto niliharibu hivyo.
Nikafuta kwa pamba, nikarudia mara nne,
mara ya tano nikatumia mate.

Halafu mwanga.
Brashi unaichovya, kisha unaifuta kwenye kanga kuukuu
mpaka udhani haina kitu.
Rangi ikiisha ndipo kazi inapoanza:
unapangusa tu, juu ya bega, juu ya fupa la shavu,
kwenye singa zilizopindwa na upepo usiokuwepo.
Nakata minofu kiwandani zamu nzima,
glovu mbili, vidole vina ganzi hadi usiku,
lakini weupe wameniachia:
upo wa barafu, upo wa mfupa,
na upo ule wa tumbo la sangara, unaoficha uwaridi.
Huo ndio niliompa kwenye pua.

Jumatatu nilimwambia Doto: usikiguse, hakijakauka.
Alhamisi nikausikia mdomo wangu:
usimguse, hajakauka.
Doto akacheka.
Mimi nilikaa kimya na brashi mkononi,
maana jicho nilikuwa bado sijalitia.
Nukta moja, kwa ncha ya sindano.
Nilibana pumzi kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Rweyongeza alipohamia kwao Bukoba
alimpakia meli ya usiku, kifuani, ndani ya koti,
saa zake zote akizifungia kwenye sanduku.
Wiki mbili baadaye akapiga simu.
"Umekosea saa," akasema.
"Nimemweka dirisha la ziwani.
Huku jua linatoka majini, dada.
Jioni yako yote uliyompaka, bega, shavu, singa,
huku ni saa moja asubuhi. Kamili.
Sijapata kutengeneza saa sahihi namna hii."

Nikasogea mlangoni, simu sikioni.
Jiwe lilikuwa linazimika kuanzia chini,
mashuka ya mama Nyamizi yamekwisha anuliwa.
Nilitaka kusema jambo kuhusu maji,
kuhusu pande zake mbili.
Nikauliza: na goti la kushoto?
"Goti halina neno," akasema.

Mwongo.