Sikio la Kuvu

Jumatatu, maabara ya chini kabisa, hospitali ya Leiden.
Visahani vitatu mezani, vya wagonjwa watatu,
na ndani ya kila kimoja zulia lile lile,
kijani kilichopakwa majivu.
Kwa macho utasema ni ndugu wa tumbo moja.
Darubini nayo itakuunga mkono.

Cha kwanza cha mwalimu wa piano, mwenyeji wa Katwijk:
tone la dawa, kuvu ikanywea.
Cha pili cha kijana mwenye figo ya kupewa:
kuvu ikapigana usiku mmoja, asubuhi haipo.
Cha tatu ni cha Douwe Hoogland.
Kuvu yake iliinywa dawa kama chai,
ikaendelea kutandika zulia hadi ukingoni.

Douwe namfahamu. Shamba lake lilipakana na letu, nje ya Lisse.
Kila vuli nilimwona akitosa matunguu ya tulipu
katika pipa la dawa, mikono mitupu hadi viwikoni.
"Tunguu lisilooga," alikuwa akisema, "huoza kabla ya kuota."
Yaliyooza hata hivyo aliyatupa nyuma ya ghala,
kwenye lundo la mboji lililofuka mvuke katikati ya theluji.

Joto, giza, na masalio ya dawa.
Humo kuvu zilikufa kwa mamilioni,
na moja, ikijinakili,
ikarudia herufi thelathini na nne,
ikarudia herufi thelathini na nne,
kama karani aliyesinzia juu ya daftari;
mbele kidogo herufi moja ikabadilika.
Kosa tu.
Milango ikaongezeka, matundu ya ufunguo yakapinda,
dawa ikabaki nje ikipapasa.

Dawa ya pipa na dawa tuliyomtundikia Douwe kitandani
ni binamu. Kuvu ilishamzoea mmoja,
wa pili ilimtambua kwa sura.

Naye saratani ilikuwa imemmaliza askari wote wa damu.
Alivuta pumzi tu,
kama ninavyovuta mimi sasa.

Hiltje, mkewe, alinisubiri kwenye korido, koti la mumewe mkononi.
"Mbona yule wa piano amerudi nyumbani?
Si ugonjwa ule ule?"
Jina ni lile lile, nilimwambia.
Kisha nikanyamaza, maana la pili lilikuwa zito.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
La Douwe lilisikia. Alimeza kila kidonge,
akahesabu saa, hakulalamika hata siku moja.
Lililokataa kusikia lilikuwa la kuvu,
na hilo halikuwa la kufa.

Niliomba koti. Vumbi la mfukoni nikalipanda kisahanini,
na la lundo pia, kijiko kimoja.
Wiki tatu baadaye mashine ikanisomea:
thelathini na nne, thelathini na nne,
na ile herufi, mahali pale pale.

"Nilichome lundo?" Hiltje aliuliza kwa simu.
Nilitazama dirishani. Upepo ulikuwa ukivuma
kutoka upande wa mashamba, kama kila Aprili.
Sikumbuki nilimjibu nini.

Aliniletea shada, tulipu nyekundu ishirini, za mwisho alizotosa Douwe.
Maabara sikuthubutu kuziingiza.
Zilikaa garini hadi jioni,
vioo vimefungwa,
nami nikaendesha hadi nyumbani nikiwa nimebana pumzi
kila taa iliponisimamisha.